Dawa ipi itakuachia nyuki wa mwakani? Viuatilifu vikilinganishwa kwa kipimo cha nyuki wa porini

Ukiuliza duka la pembejeo kama dawa fulani ina madhara kwa nyuki, muuzaji atageuza chupa asome lebo. Lebo nyingi zimeandikwa kwa kumfikiria nyuki wa mzinga, tena kwa muda mfupi: nyuki wanapewa dawa maabara, na baada ya siku mbili hadi nne wanahesabiwa waliokufa. Kwa nyuki wa porini hesabu hiyo haitoshi kabisa. Nyuki anaweza kuzivuka siku hizo nne akiwa hai, akaendelea kuruka na kutua kwenye maua, kumbe kizazi chake kimeshakatika.

Kwa hiyo hapa nimezilinganisha dawa kwa swali jingine: ikishatumika msimu huu, mwakani nyuki watakuwepo? Ushahidi mwingi unatoka Ulaya na Amerika ya Kaskazini, kwa kuwa huko ndiko waliko Bombus, wale nyuki wanene wenye manyoya, na hao ndio nyuki wa porini waliochunguzwa kuliko wengine wote. Kusini mwa Sahara hatuna Bombus wa asili. Lakini viambato vilivyopimwa kwao ni vilevile vilivyomo kwenye chupa za maduka yetu: imidaklopridi, lambda-sihalothrini, asetamipridi, spinosadi. Nasi tuna nyuki wetu wa porini. Yupo yule mkubwa mweusi anayetoboa mbao kavu za paa, wapo wale wadogo wasiouma wanaokaa kwenye mashimo ya miti na nyufa za kuta, na wapo wengi zaidi wanaochimba viota ardhini, kila jike na chake, ambao mkulima huwakanyaga bila kujua.

Kipimo ni malkia

Kundi la Bombus ni la msimu mmoja. Malkia hutoka ardhini baridi ikiisha, akiwa peke yake, dhaifu, na njaa ya miezi. Anatafuta shimo la panya lililoachwa, anakusanya chavua, anataga, kisha anayalalia majana yake, yaani watoto ambao bado hawajawa nyuki kamili, kuyapa joto kama kuku anavyoatamia mayai. Hana msaidizi. Chakula ni yeye, ulinzi ni yeye, mpaka vibarua, yaani majike wa kazi, wa kwanza watoke. Kundi linakua hadi nyuki mamia kadhaa, mwisho wa kiangazi linazaa madume na malkia wapya, halafu baridi inaua wote isipokuwa hao malkia wapya waliokwisha kupandwa.

Mzinga wa nyuki wa asali una nyuki makumi ya maelfu. Ukipoteza elfu moja shambani, unaziba pengo. Malkia wa Bombus akipotea mwanzoni mwa msimu, kundi zima limepotea kabla halijaanza. Kwa nyuki wetu wanaoishi mmoja mmoja hali ni kali zaidi, kwani kila jike ni malkia na kibarua kwa wakati mmoja. Akifa njiani, hakuna wa kumalizia kiota chake.

Ndiyo maana jaribio la mwaka 2012 la Chuo Kikuu cha Stirling, Uskoti, lilishtua wengi. Penelope Whitehorn, Dave Goulson na wenzao walichukua makundi 75 ya Bombus terrestris. Baadhi waliyapa chavua yenye imidaklopridi sehemu 6 kwa bilioni na maji ya sukari yenye sehemu 0.7 kwa bilioni, kiasi ambacho nyuki angekikuta kwenye shamba la rapa, zao la mbegu za mafuta, lililopandwa kwa mbegu zenye dawa. Walifanya hivyo kwa wiki mbili tu, kisha makundi yote yakatolewa nje yajitafutie chakula kwa wiki sita. Nyuki hawakudondoka. Makundi yaliyopewa dawa yalikua, ingawa kwa uzito mdogo kidogo. Lakini yalipohesabiwa malkia wapya, makundi safi yalikuwa na wastani wa karibu 14 kila moja, na yale yaliyopewa dawa kwa kiasi hicho yalikuwa na wawili. Upungufu wa asilimia 85, bila maiti hata moja ya kumwonyesha mkulima. Kila ninapolinganisha dawa mbili, hilo ndilo jaribio ninaloliweka mbele.

Mbegu iliyopakwa dawa, au kupulizia?

Mbegu inapopakwa imidaklopridi, klothianidini au thiamethoksamu, dawa inapanda na maji ya mmea hadi kwenye majani, na baadaye kwenye chavua na mbochi, yale maji matamu ya ua. Ninaelewa kwa nini mkulima anaipenda. Habebi bomba mgongoni, havuti hewa ya sumu, na mche unalindwa tangu unapochomoza. Mtu aliyewahi kupulizia ekari nzima bila barakoa hawezi kulidharau hilo.

Tatizo ni kwamba mmea unachukua sehemu ndogo tu ya dawa hiyo, mara nyingi karibu asilimia 5. Nyingi inabaki udongoni, na magugu yanayochanua kandokando ya shamba yanaifyonza. Nyuki anayekwepa zao lako anaikuta kwenye ua la porini. Mbegu ikipandwa kwa mashine, vumbi lake nalo linasafiri: mwaka 2008 kusini-magharibi mwa Ujerumani, vumbi la mbegu za mahindi zilizopakwa klothianidini lilidhuru maelfu ya mizinga.

Kwa nyuki wa porini, ushahidi wenye uzito zaidi ni wa Sweden. Maj Rundlöf na wenzake walichukua mashamba 16 ya rapa kusini mwa nchi hiyo, nusu yakapandwa mbegu zilizopakwa klothianidini pamoja na dawa ya jamii ya pairethroidi (ile ya lambda-sihalothrini), nusu mbegu tupu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Kwenye mashamba yenye dawa nyuki wa porini walikuwa wachache, makundi ya Bombus hayakuongezeka uzito ipasavyo na yalizaa malkia wachache. Nyuki mmoja wa aina ya wanaoishi peke yao, Osmia bicornis, hakujenga kiota katika shamba lolote kati ya hayo manane. Kwenye mashamba safi alijenga katika sita. Na nyuki wa mizinga? Hawakuonyesha tofauti ya maana. Kwa hiyo jirani akikuambia mizinga yake iko salama pembeni ya shamba lenye dawa, anaweza kuwa anasema kweli tupu, na bado nyuki wa porini wa eneo hilo wakawa wanaisha.

Umoja wa Ulaya ulizuia matumizi ya dawa hizo tatu kwenye mazao yanayovutia nyuki mwaka 2013, na mwaka 2018 ukazipiga marufuku mashambani kabisa, zikabaki kwa majumba ya kioo ya kudumu. Wakulima wa rapa wa Uingereza waliumia. Mbawakawa wanaokula miche ya rapa walirudi kwa nguvu, wakapuliziwa pairethroidi mara nyingi zaidi, na wengi wao walishakuwa sugu kwa pairethroidi. Ni haki kulisema hilo, kwa sababu anayemwambia mkulima aache mbegu yenye dawa bila kumwambia afanye nini badala yake amemwachia mzigo nusu.

Uamuzi wangu kwa pande hizi mbili: kwa zao lenye maua yanayotembelewa na nyuki, kama alizeti, tikiti, kunde au boga, usipande mbegu yenye dawa za kundi hili. Kupulizia kuna ubaya wake, lakini unaweza kuchagua siku, saa na sehemu ya shamba. Mbegu ikishaingia ardhini huna tena cha kuchagua.

Imidaklopridi au lambda-sihalothrini?

Hizi ndizo mbili ambazo mkulima wa mboga hukutana nazo mara nyingi, wakati mwingine zikiwa zimechanganywa kwenye chupa moja.

Imidaklopridi inaingia ndani ya mmea. Ukiipulizia wiki moja kabla ya maua, sehemu yake inaweza kuwamo kwenye mbochi maua yakifunguka. Na usitegemee nyuki atahisi ladha akwepe. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, waliwapa Bombus na nyuki wa asali vyakula viwili wachague. Hawakuweza kuitambua dawa kwa ladha, na walikunywa zaidi kile kilichokuwa na imidaklopridi au thiamethoksamu.

Kinachotokea ndani ya kiota kilionekana vizuri mwaka 2018, James Crall na wenzake wa Harvard walipobandika alama ndogo mgongoni mwa kila nyuki na kuweka kamera iwafuate usiku na mchana. Katika kundi safi, nyuki walezi huwa juu ya majana: wanapita, wanalisha, wanarudi, hata usiku wa manane. Katika kundi lililopewa imidaklopridi walezi walipoa, hasa usiku. Walisogea pembezoni mwa kiota wakakaa tu, mbali na wenzao na mbali na majana. Makundi hayo yalishindwa hata kujenga paa la nta ambalo Bombus huliweka juu ya majana kuhifadhi joto. Ukisoma hapo, ule upungufu wa malkia wa Stirling unaeleweka. Majana hayalelewi, na malkia hatoki kwenye jana lililolala njaa na baridi.

Lambda-sihalothrini ni sumu ya kugusa. Haipandi ndani ya mmea hadi kwenye mbochi. Anayepuliziwa, au anayetembea juu ya ua lenye dawa mbichi, ndiye anayeumia, na anaumia kweli. Richard Gill na Nigel Raine, wa chuo cha Royal Holloway, Uingereza, walizilinganisha dawa hizi mbili kwa makundi ya Bombus katika utafiti wa mwaka 2012. Imidaklopridi iliharibu ukusanyaji wa chavua: nyuki walirudi na mizigo midogo, kundi likalazimika kutuma vibarua wengi zaidi nje, na wengi hawakurudi. Lambda-sihalothrini iliongeza vifo vya vibarua. Makundi yaliyopata zote mbili ndiyo yaliyoathirika zaidi, na ndimo yalimokuwa makundi yaliyokufa kabisa.

Ukinilazimisha kuchagua moja, kwa zao ambalo bado halijachanua na halina magugu yenye maua chini yake, nitachagua lambda-sihalothrini, jioni, kwa sehemu iliyoshambuliwa tu. Kwa zao lenye maua, sichagui hata moja. Na chupa yenye zote mbili iache dukani. Inanunuliwa kwa sababu inaua haraka kila kitu, na wadudu rafiki wanaokula vidukari wamo ndani ya hicho kila kitu.

Tukiwa hapo, neno moja kuhusu dozi kubwa. Juni 2013, huko Wilsonville, Oregon, Marekani, miti ya maegesho ya duka ilipuliziwa dinotefurani, ndugu wa imidaklopridi, kuua vidukari. Miti ilikuwa imechanua. Zaidi ya Bombus 50,000 walidondoka chini ya miti hiyo. Hilo lilionekana kwa macho, likapigwa picha, na sheria za jimbo zikaguswa. Lile la Stirling linatokea kila msimu bila picha.

"Kizazi kipya": sulfoksaflori na asetamipridi

Mdudu akizoea dawa ya zamani, kampuni huleta mpya, na muuzaji huitambulisha kama dawa tofauti kabisa. Uliza inavyofanya kazi mwilini mwa mdudu. Sulfoksaflori inashambulia mahali palepale kwenye mishipa ya fahamu panaposhambuliwa na imidaklopridi, ingawa imewekwa kwenye kundi lake lenyewe. Harry Siviter na wenzake, tena wa Royal Holloway, waliipima mwaka 2018 kwa sehemu 5 kwa bilioni. Tofauti haikuonekana mara moja. Ilijitokeza wiki kadhaa baadaye, makundi yaliyopewa dawa yalipozaa madume na malkia pungufu kwa asilimia 54. Mwaka 2022 Umoja wa Ulaya nayo ukaifungia ndani ya majumba ya kioo ya kudumu. Kwangu imo kapu moja na imidaklopridi.

Asetamipridi ni habari tofauti, na hapa ndipo wengi wanapokosea kwa kuichanganya na imidaklopridi kwa sababu zote mbili huitwa neonikotinoidi. Kwa nyuki wa asali, dozi ya kuua kwa kugusa ni kubwa takriban mara 400 kuliko ya imidaklopridi, kwa sababu mwili wa nyuki una vimeng'enya vinavyoivunja haraka. Umoja wa Ulaya bado unairuhusu. Ukiwa na inzi weupe au vidukari na lazima upulizie, hii ni nafuu kuliko ndugu zake.

Ila ina mitego miwili. Wa kwanza ni dawa za ukungu ambazo majina yake huishia na "konazoli". Hizo huviziba vimeng'enya vilevile vinavyomlinda nyuki. Maabara, propikonazoli iliongeza ukali wa asetamipridi kwa nyuki wa asali zaidi ya mara 100. Mkulima anayechanganya dawa ya wadudu na ya ukungu kwenye tangi moja ili apulizie mara moja, jambo ambalo karibu kila mtu hulifanya, anaweza kuwa ameigeuza dawa ya nafuu kuwa dawa ya hatari bila kubadilisha chupa. Wa pili ni kwamba si kila nyuki ana vimeng'enya hivyo. Megachile rotundata, nyuki mkata majani anayefugwa Amerika ya Kaskazini kwa uchavushaji wa lusani, zao la malisho, hana. Thiaklopridi, iliyo karibu sana na asetamipridi, ilikutwa kuwa kali kwake zaidi ya mara 2,500 kuliko kwa nyuki wengine wanaofugwa. Nyuki wakata majani tunao wengi Afrika Mashariki. Ukiona jani la mwaridi au la mbaazi limekatwa duara safi kama kwa mkasi, ni wao wamepita. Kwao neno "salama kwa nyuki" lililopimwa kwa nyuki wa asali halina maana.

Kwa viwavi: klorantraniliproli, spinosadi, Bt au mwarobaini?

Huku kuna nafuu zaidi, na ndiko mkulima wa nyanya anayepambana na kantangaze, kiwavi anayetoboa majani na matunda ya nyanya, ana nafasi ya kuchagua vizuri.

Bt, ile inayotokana na bakteria Bacillus thuringiensis, inafanya kazi tumboni mwa kiwavi aliyekula jani. Nyuki hali majani, na aina zinazolenga viwavi hazina madhara makubwa kwake. Kasoro yake ni kwamba inavunjwa na jua, inahitaji kurudiwa, na inafanya kazi vizuri kwa viwavi wachanga. Anayepulizia mara moja akasubiri miujiza ataitupa.

Klorantraniliproli inadumu zaidi. Huko Kentucky, Marekani, Jonathan Larson na wenzake walifanya jaribio ambalo lingewezekana kabisa kwenye shamba la mtu. Walichukua nyasi zenye klova nyeupe iliyochanua, sehemu moja wakaipulizia klothianidini, nyingine klorantraniliproli, kisha wakayaweka makundi ya Bombus impatiens juu yake. Makundi ya klothianidini yalichelewa kukua na hayakutoa malkia hata mmoja. Ya klorantraniliproli yalikua kawaida. Maabara, hata hivyo, chavua yenye dawa hiyo ilipolishwa kwa muda mrefu iliwapunguzia vibarua wa Bombus uwezo wa kuzaa, kwa hiyo usiipulizie kwenye maua ukidhani ni maji.

Spinosadi inatokana na bakteria wa udongoni na inaruhusiwa kwenye kilimo hai, na hapo watu hudhani haina neno. Ikiwa mbichi ni sumu kali kwa nyuki. Ikikauka kwenye jani ukali hupungua sana, ndiyo maana saa ya kupulizia ni kila kitu. Kwenye chavua, kiasi kidogo chini ya sehemu moja kwa milioni kiliwafanya Bombus wachanga wawe wazito kukusanya chakula watokapo.

Mwarobaini nitausemea kwa heshima, maana kwa wengi ndiyo dawa pekee isiyodai fedha. Kiambato chake kikuu, azadiraktini, huvuruga ukuaji wa wadudu, na hicho ndicho kinachotupa faida kwa viwavi. Lakini jana la nyuki nalo ni mdudu anayekua. Makundi madogo ya Bombus terrestris yaliyolishwa azadiraktini maabara yalizaa madume wachache au hayakuzaa kabisa, hata kwa dozi iliyo chini ya ile ya shambani. Upulizie kwenye majani kabla ya maua. Kuupulizia kila wiki juu ya maua kwa sababu ni wa asili ni kosa.

Mpangilio wangu kwa viwavi: Bt kwanza, klorantraniliproli ikishindikana, spinosadi kwa dharura na baada ya jua kuzama. Kabla ya zote, mitego ya harufu ya kantangaze, kwa sababu inakuambia kama kweli kuna haja ya kupulizia wiki hii.

Dawa za ukungu na magugu

Kwa haraka, kwa sababu hizi husahaulika. Klorothalonili, dawa ya ukungu, ilipopuliziwa kwenye vizimba vya Bombus impatiens huko Wisconsin, Marekani, makundi yalibaki na wastani wa vibarua 12, dhidi ya 43 kwa makundi safi. Glifosati haiui Bombus kwa dozi za kawaida za chakula, lakini mwaka 2022 Anja Weidenmüller na wenzake wa Konstanz, Ujerumani, walionyesha kwamba chakula kikipungua, makundi yanayokula glifosati hushindwa kuyapa majana joto la kutosha. Na wakati mwingine mwuaji si kiambato kilichotajwa kwenye lebo. Mwaka 2021 dawa moja ya magugu ya bustani yenye glifosati, iliyo tayari kupuliziwa, iliua asilimia 94 ya Bombus walionyunyiziwa. Toleo jingine la jina hilohilo lisilo na glifosati liliua karibu kiasi hichohicho. Watafiti walishuku vilainishi vinavyotiwa ili dawa ishike vizuri kwenye jani, kwani huwashika na nyuki wakajaa unyevu kwenye manyoya na matundu ya hewa. Kwa hiyo sabuni unayoongeza tangini ili dawa inate, usiiongeze kama kuna maua.

Saa na maua vina uzito kuliko jina la chupa

Jaribio lile la Kentucky lina sehemu ya pili ambayo naipenda kuliko ya kwanza. Baada ya kupulizia, nyasi zilifyekwa, maua yenye dawa yakaondoka, mapya yakachipuka. Makundi ya Bombus yaliyowekwa hapo hayakuonyesha madhara. Kufyeka magugu yaliyochanua chini ya zao kabla ya kupulizia ni kazi ya asubuhi moja, na inaokoa nyuki wengi kuliko kubadilisha dawa ya bei kubwa.

Kuhusu saa, ushauri wa kawaida ni kupulizia alfajiri au jioni. Kwa Bombus ushauri huo hautoshi, kwa sababu wao huruka kwenye baridi na mwanga hafifu ambao nyuki wa asali hajatoka. Wetu wakubwa weusi nao huanza kazi mapema. Pita kwenye mistari uangalie maua kwanza, na ukisikia mvumo, ngoja. Jioni giza likiingia ni bora kuliko alfajiri, kwani dawa inapata usiku mzima wa kukauka.

Zao kwa zao

Tikiti maji linadai nyuki, bila wao hakuna tunda. Lakini lina jambo moja la kumsaidia mkulima: ua lake hufunguka asubuhi na kufunga mchana wa siku hiyohiyo, na kesho hufunguka jingine jipya. Dawa ya kugusa ikipuliziwa jioni inaangukia maua yaliyokwisha kazi. Dawa inayopanda ndani ya mmea inaufuta ulinzi huo wote, maana ua la kesho linaumbwa na maji yenye dawa. Kwa hiyo kwenye tikiti, imidaklopridi na thiamethoksamu hapana, hata kwa kumwagia shinani wakati wa kupandikiza.

Nyanya hujichavusha, lakini chavua yake imefungiwa ndani ya vifuko vyenye tundu dogo kwenye ncha. Inatoka vizuri ua likitikiswa, na nyuki wa asali hajui kulitikisa. Huko Ulaya kazi hiyo kwenye majumba ya kioo hufanywa na Bombus wanaofugwa, na biashara hiyo ilianzia Ubelgiji na Uholanzi mwishoni mwa miaka ya 1980. Shambani kwetu inafanywa na wale wa porini: nyuki mkubwa analishika ua kwa miguu, anakunja mwili, anavuma kwa sauti kali ya ghafla, na chavua inamwagikia tumboni. Kwa nyanya ningetumia mitego, Bt na klorantraniliproli kwa kantangaze, na asetamipridi kwa inzi weupe kabla ya maua tu, bila konazoli kwenye tangi. Ikiwa ukungu umeshaingia, pulizia dawa yake siku nyingine.

Kunde na mbaazi hutembelewa sana na nyuki wakubwa weusi, na vidukari vyake ndivyo vinavyomfanya mkulima akimbilie chupa yenye dawa mbili. Anza kwa kuangalia kama vidukari vimeenea au vimekaa kwenye mashina machache ya pembeni, maana mara nyingi ni hayo machache. Yang'oe au yapulizie hayo tu. Na kama kuna gogo kavu au nguzo ya zamani pembeni ya shamba yenye matundu ya duara yanayoingia kidole, usiichome kuni. Humo ndimo wanamolala.